Mtoto Anayeng'ata Wenzake Darasani: Je, Anajua Anachofanya?

Mtoto wa miaka mitano kamng'ata mwenzake katika darasa la awali, ugomvi ni wa kipande cha chaki. Lisimulie barazani Ujiji au Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, utajibiwa kabla hujamaliza: mcha mwana kulia hulia mwenyewe. Mwalimu kijana aliyetoka chuoni juzi atakuambia umri ule si wa fimbo. Wote wanamtakia mtoto mema, ila huyu wa pili hudhaniwa anahubiri kudekeza, na hapo ndipo anapoonewa.

Wanaotetea fimbo wana hoja. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika. Kiwango kilichowekwa kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini shule nyingi zimekipita mbali. Mwalimu aliye peke yake mbele ya mikeka iliyojaa atapata wapi dakika kumi za kuchuchumaa na mmoja? Na aliyeng'atwa naye anastahili kulindwa. Hilo silibishi.

Ninachobisha ni imani kwamba yule mtoto alikusudia. Tukizungumzia sheria, tunakimbilia kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002: viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, viandikwe kitabuni. Tunabaki kuhesabu viboko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inauliza jambo linalotangulia hesabu yote hiyo: haikubali adhabu kwa mtoto ambaye, kwa udogo wake, hawezi kuelewa anarekebishwa kwa nini. Nimekirudia kifungu hicho mara nyingi, na kila mara namwona mtoto wa awali. Kumwogopa mwalimu atajifunza siku hiyohiyo. Kuzuia mkono wakati hasira imepanda ni kazi ya sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, nayo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20.

Huku Kigoma kuna jambo la ziada. Watoto wengi wa vijijini huingia darasani na Kiha cha nyumbani, wakakutana na Kiswahili siku ya kwanza. Mwalimu akisema "kaeni, fungeni midomo, mkono mmoja juu", anayebaki amesimama huitwa mkaidi, kumbe hajaelewa. Asiye na neno la kusema "hiyo yangu, nirudishie" atasema kwa meno. Mwalimu anayempokea mlangoni kwa "Mwakeye", salamu ya Kiha, ameshamwondolea nusu ya hofu.

Kisha kuna usiku. Kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mama anayeuza dagaa hutoka alfajiri kupokea mitumbwi. Mtoto huvalishwa na dada wa darasa la nne, pengine bila chai. Ifikapo saa nne anagaragara chini, tunamwita mtundu. Uji ungemtuliza kuliko bakora.

Kuelewa hivyo si kumwachia. Mwalimu humshika mkono palepale, kwa sauti ya chini: "Hatung'ati. Sema, naomba chaki." Humrudisha kwa aliyeumia, amwone analia. Kesho yake humpa kazi ya kugawa vikombe, maana mikono isiyotulia hutulia ikipewa shughuli. Kabla ya kubadili somo huanzisha wimbo uleule kila siku, watoto wajue kinachofuata. Anasema "tembeeni" badala ya "msikimbie". Hata mwenye watoto wengi anaweza kuimba, na wimbo mmoja hutuliza mikeka yote kwa pamoja.

Fimbo humnyamazisha upesi, sikatai. Lakini wiki ijayo chaki itanyang'anywa tena, na neno la kuiombea hatakuwa nalo bado. Jioni mama akija kumchukua, mwalimu amuulize kwanza: jana alilala saa ngapi, na leo amekula nini?