Watoto wetu Pemba waende skuli wameshiba

Mie naishi Cardiff, Wales, miaka mingi sasa, na ukiniuliza kitu gani cha huku ningependa tukiige nyumbani sitokwambia barabara wala maghorofa, ntakwambia chai ya asubuhi ya watoto wa skuli. Tangu 2004 serikali ya Wales ina mpango wa chai ya bure kwa skuli za praimari, kabla masomo hayajaanza watoto wanakaa mezani, mwenye nacho na asiye nacho pamoja, maziwa, mkate, matunda, na nafaka zisizotiwa sukari. Mwalimu akianza somo watoto washashiba.

Nikija kwetu Wete, Pemba, roho inaniuma. Sisemi mama zetu hawajali, hasha, mama anaamka kabla ya alfajiri, maji achote yeye, sare apige pasi yeye, lakini utamuona mtoto wa darasa la pili kasimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi imejaa sukari, anachovya kipande cha boflo huku mkoba uko mgongoni, mafunda mawili matatu mbio, eti huyo kashakunywa chai. Mwengine hata hicho hapati, anapewa mia tano akanunue hukohuko, na pale langoni kuna nini zaidi ya malai na ubuyu? Ikifika saa nne kalaza kichwa kwenye dawati, anaambiwa mvivu, kumbe njaa inamuuma. Na akitoka hapo bado ana chuo cha Kurani kinamngoja mchana.

Tena kuna jambo wazazi wengi hawajaambiwa. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na bila ya chuma damu haiongezeki. Sasa kisiwa chetu upungufu wa damu kwa watoto si jambo geni, tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakiwapima wanafunzi Pemba na kukuta damu chache, safura, ile minyoo inayonyonya damu, imo, malaria imo, lishe nayo imo. Vidonge vya minyoo wanapewa skuli, alhamdulillah, lakini kidonge kinatoa minyoo tu, damu inataka chakula.

Na chakula tunacho jamani! Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, uji wa mtama au wa ulezi, yai la kuku anaezunguka hapo uwani, mbaazi tunazopika kila siku asubuhi kuuza na maandazi, mtoto wa nyumbani naye awekewe bakuli lake. Juu yake mpe chungwa, maana machungwa yanausaidia mwili kuchukua ile chuma ya kwenye mbaazi, na msimu ukifika Pemba yamejaa tele. Chai ya rangi aisubiri mpaka jioni, haitokimbia.

Huku nako si kila kitu kizuri, madukani kumejaa maboksi ya nafaka za sukari tupu yana picha za katuni, na watoto wetu tuliowazaa huku ndo wanavyolilia hivyo, kwa hiyo maboksi yabaki hukuhuku. Tuchukue ile fikra tu, kwamba tumbo la mwanafunzi ni kazi ya skuli pia, si ya mama peke yake.

Na sie tulio nje tunachangishana arusi, tunachangishana jezi za mpira, vizuri, lakini sufuria kubwa, gunia la mtama, kuni na mama wawili wa kupika walipwe chochote, hichi kitu watu ishirini wa mji mmoja hawakishindwi. Kamati ya skuli isimamie, pesa ziandikwe kila mtu azione, tuanze na darasa la kwanza na la pili kwa skuli moja tu, kila mtu ile aliyosoma mwenyewe. Walimu waweke daftari la mahudhurio tangu siku ya mwanzo, ili tukija kuiomba serikali ilibebe jambo hili tuwe na kitu cha kuwaonyesha.