Huyu Anayekula Kwenye Ukurasa Wangu ni Nani?

Mwaka jana nilipewa kazi ambayo niliipokea kwa dharau kidogo: kuandika mwongozo wa programu ndogo ya kubadilisha picha ya jalada ya ukurasa wa Facebook. Programu yenyewe ilitungwa na mwenzangu wa ofisini, fundi hodari ambaye akitakiwa kueleza kwa maneno kile alichokitunga huanza kukuna kichwa, na mteja wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Tanga mwenye ukumbi wa sherehe, aliyetaka kila Ijumaa asubuhi ukurasa wake uvae picha mpya ya mapambo ya harusi bila yeye kukumbushwa na mtu. Niliahidi kuumaliza mwongozo huo kwa siku mbili.

Kwanza nilihitaji picha ya mfano. Iliyokuwa karibu kwenye kompyuta yangu ni ile niliyopigwa katika harusi ya binamu yangu, macho nimeyafumba nusu, mdomo wazi, na tonge la pilau limesimama hewani kati ya sahani na meno. Nikaipa jina la "mfano", nikaitia kwenye folda ya programu, nikaendelea.

Kilichonikwamisha ni ratiba. Kompyuta ya mama yule ilitumia mfumo wa Linux, ambamo kazi za kujirudia hupangiwa katika cron, programu yake ya ratiba, kwa mstari wenye nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Mteja alitaka Ijumaa saa mbili asubuhi, nami nikaandika 2 kwenye nafasi ya saa bila wasiwasi wowote, hadi mwenzangu alipochungulia na kuniambia kwamba kompyuta haihesabu saa kuanzia macheo kama sisi, na kwamba hiyo 2 yangu ni saa nane usiku. Nilifadhaika kiasi cha kutoziamini tarakimu zote. Nikaona heri nafasi zote tano nizitie nyota kwa muda, kama zile nukta nukta za kwenye fomu mahali pa kujaza jina, kisha nitarudi kuzijaza nikishatulia. Sikujua kwamba kwa cron nyota si pengo. Nyota maana yake ni "kila", na nyota tano zikifuatana ni kila dakika ya kila saa ya kila siku, mpaka kiama.

Sikurudi. Mwongozo ulichapwa, kurasa 11, ukatumwa Tanga kwa basi.

Ijumaa iliyofuata, saa nne na nusu asubuhi, simu yangu iliita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo mama."

"Alhamdulillahi. Sasa mwanangu, huyu anayekula kwenye ukurasa wangu ni nani?"

Niliufungua ukurasa kwenye kompyuta yangu. Huko jalada huonekana kwa upana wa pikseli 820 na kimo cha 312, ukanda mwembamba kama kanga iliyokunjwa, na kwa hiyo picha yangu ilikuwa imekatwa juu na chini, kikabaki kidevu, mdomo na lile tonge. Nikajipa moyo: kidevu hakina jina. Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba huenda ni mtu wa mitandaoni tu. Nilichosahau, ingawa nilikiandika mwenyewe ukurasa wa 9, ni kwamba kwenye simu jalada hilo hilo huonyeshwa 640 kwa 360, kimo kikaongezeka, na uso ukarudi mahali pake. Mama alikuwa akitazama kwenye simu.

"Mbona anafanana na wewe uliyekuja kuchukua malipo?" akauliza taratibu.

Hata hapo nilidhani picha imeingia mara moja tu. Kumbe kijana wake wa ofisini, mtiifu kuliko askari, alikuwa ameiwasha programu saa tatu kamili kwa kufuata mwongozo neno kwa neno, nyota kwa nyota, na Facebook usipoiambia inyamaze huwatangazia wafuasi kila ukurasa unapobadilisha jalada. Matangazo yalikuwa yamefika 90. Chini ya mojawapo mtu alikuwa ameuliza, "Bado hajashiba?"

Kijana alikuwa ameondoka kufuata viti vya kukodi, simu yake ameiacha mezani ikichaji. Mwenzangu mtunzi alikuwa likizo, safarini, hapatikani. Nikamsihi mama aizime kompyuta. Nikasikia kurasa zikifunuliwa.

"Ukurasa wa 7 umeandika kwa herufi nzito: usizime kompyuta wakati programu inafanya kazi. Sasa inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya mama."

"Basi." Kurasa zikafunuliwa tena. "Kuwasha nakuona, ukurasa wa 3. Kuzima ni ukurasa wa ngapi?"

Haukuwapo. Tumaini langu la mwisho lilikuwa ruhusa ambayo Facebook huipa programu, kwa kuwa ile ya muda mfupi hufa baada ya saa moja au mbili, lakini katika ukurasa wa 5, sehemu pekee ya mwongozo niliyoiandika kwa ustadi, nilikuwa nimemwelekeza msomaji namna ya kupata ya siku 60. Kijana aliipata bila taabu yoyote.

Kilichoniokoa ni umeme wa Tanga, uliokatika saa sita na dakika 34, nikiwa nimekula tonge lile mara 214. Uliporudi, kijana alikuwa ameshatoka kuswali Ijumaa, nami nikamwelekeza kwa simu jinsi ya kuufuta ule mstari wa nyota.

Jumatatu nilituma toleo la pili, na maelezo ya kuzima nikayaweka ukurasa wa kwanza kabisa. Baada ya siku tatu mama akapiga simu kunishukuru kwamba mwongozo mpya umeeleweka sana, ila picha haibadiliki. Nikamwuliza wamefika ukurasa wa ngapi.

"Wa kwanza," akasema. "Umetuambia tuhakikishe imezima. Tunahakikisha tangu juzi."