Mgonjwa wa Arua Asirudishwe Kampala kwa Ajili ya Jino la Plasta Lililokatika

Katika maabara ya meno ninamofanya kazi hapa Birmingham, modeli, yaani nakala ya meno ya mgonjwa, ikianguka na jino lake likakatika, hakuna anayeshtuka. Juzi kijana mmoja anayejifunza kazi aliiangusha modeli ya taya la chini, akaiokota, akaitupa kwenye pipa, kisha akalitafuta kwenye kompyuta faili lenye umbo la meno ya mgonjwa yule na kulipeleka kwenye printa ya 3D, ile inayojenga vitu badala ya kuchapa karatasi, pamoja na kazi nyingine zilizokuwa zikingoja. Jioni modeli mpya ilikuwa mezani kwake, imeoshwa na kukaushwa. Hakumwomba mtu radhi, na kwa kweli hapakuwa na mtu wa kuombwa radhi, kwa kuwa hapakuwa na aliyepoteza chochote. Mimi ndiye niliyekasirika, na hasira hiyo haijaniisha, kwa sababu najua ajali ya namna ile kwetu Uganda ina gharama gani na ni nani huilipa.

Mafundi wenzangu wa Kampala hawahitaji kuelezwa. Kipimo, yaani alama ya meno, kinachukuliwa kwa alijineti, uji unaoganda kinywani kama mpira, kinafungwa kwa kitambaa chenye unyevu, kinatiwa katika mfuko na kukabidhiwa mtu wa bodaboda. Alijineti haimsubiri mtu: ikikauka husinyaa, ikilowa kupita kiasi huvimba, na kila dakika inayopotea katika msongamano wa Wandegeya huyabadilisha kidogo meno ya mtu ambaye pengine amekwisha kupanda basi kurudi Arua. Kikifika salama, humwagiwa plasta, na modeli inayotoka ni moja tu, kwa maana kipimo chenyewe mara nyingi huchanika wakati wa kukibandua. Tangu hapo kinywa chote cha yule mgonjwa kinategemea kipande kimoja cha plasta. Jino likikatika, fundi hulibandika kwa gundi na kuendelea. Lisipobandikika, hupigwa simu, na mgonjwa husafiri tena zaidi ya kilomita 450, kwa nauli yake, akiliacha shamba au duka lake. Wapo wanaorudi. Wapo pia wasiorudi kamwe, na pengo lililowaleta linabaki pengo.

Nyumbani, kila modeli zilizochapishwa zinapotajwa, mazungumzo huishia kwenye usahihi wa mashine na bei yake, na mimi naona tunagombana juu ya jambo lisilofaa. Jiwe gumu la meno, yaani aina ya plasta iliyo ngumu zaidi, likipimwa unga na maji yake kama inavyotakiwa badala ya kukadiriwa kwa jicho, hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 au pungufu ya hapo, na modeli yake haina sababu ya kuionea haya modeli yoyote ya printa. Printa hujenga kwa tabaka nyembamba, mara nyingi za mikroni 50, yaani tabaka 20 katika kila milimita moja, lakini rezini, kile kimiminika kinachogeuka plastiki, nayo husinyaa inapogandishwa kwa mwanga. Modeli yenye umbo la kwato, ikichapishwa bila upau wa kuziunganisha pande zake mbili, huweza kujikunja. Isipooshwa vizuri kwa alkoholi, unyevu wa rezini hubaki katika ukingo wa jino, mahali pale pale ambapo kofia ya jino hutakiwa kukaa bila mwanya. Kwa hiyo sioni wivu kwa ajili ya usahihi. Ninachokitamani kwa ajili ya watu wetu ni kwamba kinywa cha mgonjwa kinabaki mahali fulani hata modeli yake ikisagika, na kwamba fundi anaweza kurudia kazi yake bila kumrudisha mtu barabarani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mtu akishapata karatasi za Uingereza huiona plasta kuwa uchafu na mafundi wenzake kuwa watu wa zamani. Sivyo, na naomba tusiitane hivyo. Plasta ndiyo iliyonifunza kazi, na hapa ndiyo inayonipa heshima. Wenzangu waliolelewa na kompyuta huiamini modeli kwa kuwa ni laini na inapendeza machoni. Mimi huiweka kwanza juu ya kioo nione kama inacheza, kisha huzikutanisha taya mbili kwa mkono na kusikiliza meno ya nyuma yanavyogusana. Modeli iliyojipinda huonekana nzuri kwenye mwanga na husema uongo mdomoni, na jambo hilo nilijifunza kwa vidole vyeupe vya plasta, si kwenye skrini. Isitoshe, meno ya bandia ya plastiki ya akriliki bado tunayapika katika plasta hata huku. Kile kioevu cha alijineti tunachokipaka kwenye modeli ili akriliki isigande nayo hufanya kazi kwa sababu hushikana na kalsiamu iliyomo katika plasta, na rezini haina kalsiamu hiyo. Anayedhani kwamba printa itamfukuza fundi wa plasta kazini hajawahi kutengeneza seti kamili ya meno ya mzee asiyebakiwa na jino hata moja.

Jibu la pili litakuwa umeme. Ni kweli, umeme ukikatika katikati ya kazi, modeli iliyoning'inia kwenye printa hutupwa. Hata hivyo, tuulize ni kitu gani kilichopotea: ni rezini kidogo na saa moja au mbili, na faili lipo. Umeme ukirudi usiku, unaanza upya usiku. Alijineti haiwezi kungoja umeme, wala mvua, wala foleni. Tena, katika printa nyingi za leo zinazomulika tabaka zima kwa mara moja, muda hutegemea urefu wa modeli na si idadi yake, hivyo modeli kadhaa zilizolazwa pamoja huchukua karibu muda ule ule wa modeli moja. Kwa mazingira yetu hiyo ni faida kubwa, kwani kazi za siku nzima zinaweza kukusanywa na kuchapishwa katika saa chache ambazo umeme umetulia.

Kuhusu gharama, sikubali kwamba ni lazima tungoje kila daktari anunue skana ya kuingiza kinywani. Ziko skana za mezani zinazosoma modeli ya plasta, na maabara kadhaa zinaweza kununua moja kwa ushirika. Modeli ikitoka tu katika kipimo, kabla haijaguswa na kisu, inasomwa na kuhifadhiwa. Ikivunjika baadaye, inachapishwa. Teknolojia hii ya kuchapisha si ya jana. Mvumbuzi wa Marekani, Chuck Hull, aliiombea hataza mwaka 1984 na kuipata mwaka 1986, mwaka ule ule NRA, jeshi la msituni la Museveni, ilipoingia Kampala. Hoja ninayoiogopa kweli ni ya usafi, na nashangaa kwamba haitajwi. Rezini isiyogandishwa huweza kuleta mzio wa ngozi unaomwandama fundi maisha yake yote, kwa hiyo glavu si pambo. Na alkoholi iliyooshea modeli isimwagwe kwenye mtaro wa Nakivubo, ambao tunajua sote unaishia ziwani.

Wengine wataniambia nirudi nije kuyafanya hayo mwenyewe. Nitakaporudi nitayafanya, lakini lipo linaloweza kufanywa wiki hii na maabara zile ambazo tayari zina skana, nazo hazihitaji kuningoja: mgonjwa apewe nakala ya faili la meno yake pamoja na risiti. Faili la taya moja kwa kawaida halizidi megabaiti makumi machache, na linaingia katika simu yake. Akivunjikiwa na meno yake ya bandia akiwa Arua, alitume kwa fundi, na kazi ianze kabla yeye hajakata tiketi ya basi.