Wanaomwagwa mchangani

Chukua bakuli jeupe lenye maji ya mlango wa mto, uinamie. Mwanzoni huoni kitu. Kisha macho yanazoea na unaona vijidudu vyembamba kama nyuzi za kioo, vinarukaruka. Mmoja ana mstari wa kahawia tumboni. Huyo ndiye mtoto wa kambamiti, urefu wake sentimita moja na kidogo. Mwanamke aliyekokota wavu tangu maji yaanze kujaa anamchota kwa gamba la kome, anamtia chunguni akiwa hai, amuuzie dalali anayewapelekea wafugaji wa kamba wa mabwawani. Waliobaki, yaani vifaranga vya samaki, watoto wa kaa na kamba wa aina nyingine, anawamwaga mchangani.

Hapo kwenye kumwaga ndipo roho inaponiuma. Katika milango ya mito ya Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko ulio upande wa India na wa Bangladesh, waliohesabu walikuta kwamba kila kifaranga kimoja cha kambamiti kinaondoka na makumi, pengine mamia ya viumbe wengine. Wavu wenye matundu ya chandarua hauchagui.

Najua hoja ya wanaotetea: kamba jike hutaga mayai laki kadhaa, na wengi wangekufa tu. Kweli, lakini wengi hao hufia baharini, katika wiki mbili tatu za kwanza, wanapoelea kabla ya kufika mtoni. Aliyefika kwenye mikoko ameshavuka sehemu ngumu. Ndiye ambaye angekua, na ndiye tunayemvua. Na wale samaki waliomwagwa pamoja naye walikuwa kitoweo cha mvuvi wa mwakani, ambaye mara nyingi ni mume au mtoto wa mama yuleyule.

Bangladesh ilipiga marufuku uvunaji huu mwaka 2000. Nyavu hazikutoka majini. Zitatokaje, wakati wakusanyaji wengi hawana shamba, na dalali ameshawakopesha fedha kabla ya msimu? Kumnyang'anya mama huyo wavu wake na kumwacha hivyo naona ni uonevu.

Mzigo huu ungemwangukia mwenye bwawa. Yeye ndiye anayenunua, na vifaranga vya kutotoleshwa vipo. Ecuador ilianza ufugaji wake kwa vifaranga vya baharini. Leo mabwawa yake yanategemea vituo vya kutotolesha. Wafugaji wengi husema kifaranga cha mwituni kina nguvu zaidi, na siwabezi, maana kifaranga dhaifu ni hasara ya bwawa zima. Basi serikali ipime vifaranga vya vituoni na magonjwa yake, mfugaji anunue akiwa na imani.

Wakati hayo yakisubiriwa, dalali anaweza kuanza kesho: anunue kwa wale tu wanaochambulia ndani ya beseni la maji na kuwarudisha waliobaki mtoni wakiwa bado hai. Kinachotakiwa ni beseni la pili, na hatua kumi za kurudi majini.