Hesabuni nyuzi za Spider-Man kabla ya kucheka

Ile picha ya Spider-Man wawili wanaonyosheana vidole hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp kila wanasiasa wawili wanapotupiana lawama. Picha yenyewe haina tatizo. Kinachoudhi ni maneno yanayoandikwa chini yake: kwamba katuni ile ilichorwa na wavivu, kwamba watu wa zamani hawakujua kuchora, na kwamba kazi ya maana ilianza na mfululizo wa 1994. Maneno hayo yamerudiwa mpaka yamekuwa kama ukweli, na yanawadhulumu wachoraji waliofanya kazi ngumu kwa pesa kidogo.

Picha hiyo inatoka kwenye kipindi cha "Double Identity", msimu wa kwanza wa mfululizo ulioanza kuonyeshwa na ABC ya Marekani Septemba 1967. Iangalieni tena, lakini safari hii tazameni vazi. Kinyago kina nyuzi za utando. Glovu zinazo, viatu vinavyo. Kifua, tumbo na mabega havina kitu, ni rangi nyekundu na buluu tupu. Katika vitabu vya katuni, sehemu yote nyekundu imejaa nyuzi. Wachoraji wa Grantray-Lawrence, studio iliyoutengeneza mfululizo huo, walijua hivyo vizuri sana, maana mwaka uliotangulia, 1966, studio hiyohiyo ilikuwa imetengeneza katuni za mashujaa wa Marvel kwa kunakili picha moja kwa moja kutoka vitabuni na kuzisogezasogeza. Nyuzi za kifuani waliziacha kwa makusudi, na walikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ni hesabu. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ya mwendo kamili inahitaji michoro 12. Kipindi cha nusu saa, ukiondoa matangazo, ni kama dakika 22, yaani sekunde 1,320. Mhusika mmoja akitembea mwanzo hadi mwisho bila kusimama angehitaji michoro 15,840. Sasa chukueni kichwa peke yake. Tuseme kinyago kina nyuzi 12 zinazotawanyika kutoka katikati ya macho, na duara 8 zinazozikata. Hiyo ni mistari 20. Kichwa kikigeuka kwa sekunde 3, mistari hiyo inachorwa mara 36, jumla 720, na bado hujagusa mkono wala mguu.

Na wingi ni nusu tu ya taabu. Nyuzi hizo zimelala juu ya kitu cha mviringo. Kichwa kikigeuka, kila makutano ya nyuzi lazima yasogee yakifuata mviringo huo, yale ya pembeni yakibanana na ya katikati yakipanuka. Mchoraji mkuu huchora pozi la mwanzo na la mwisho; mwenzake, mara nyingi kijana anayelipwa kidogo, hujaza ya katikati. Huyu wa pili akikosea unene wa penseli tu, nyuzi zinaanza kutetemeka kwenye skrini kama uji unaochemka. Mtazamaji hatajua kilichoharibika, ila macho yake yatachoka.

Kuna jambo jingine ambalo wacheka-katuni hawalifikirii. Katika katuni za televisheni za wakati ule, mwili haukuchorwa mzima kila mara. Kiwiliwili kilikaa kwenye karatasi moja angavu ya selulodi, mkono kwenye nyingine juu yake, na mkono peke yake ndio uliochorwa upya. Kifua kikiwa na rangi tupu, kiungo cha bega hakionekani. Kikiwa na nyuzi, kila mkono unaposogea nyuzi za bega na za kifua zinaachana, na kasoro inaonekana hadi kwa mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo kubakiza nyuzi kwenye ncha za mwili tu, kichwani, mikononi na miguuni, ulikuwa uamuzi wa fundi anayejua kazi yake itavunjikia wapi.

Fundi huyohuyo alitambua pia kwamba kinyago kizima kinaokoa pesa. Mhusika mwenye mdomo anahitaji seti ya midomo kwa kila pembe ya uso, ifungwe sawasawa na sauti. Spider-Man hana mdomo unaoonekana. Paul Soles, aliyetoa sauti yake, angeweza kusema lolote juu ya picha yoyote, na mstari wa maneno ungeweza kubadilishwa hata baada ya picha kukamilika. Shujaa huyu ni ghali mwilini na rahisi usoni. Mfululizo wa 1967 ulijengwa juu ya ukweli huo, na ndiyo maana anazungumza sana huku akiwa angani.

Upungufu upo, na hauwezi kufichwa. Picha zilezile za kuruka juu ya jiji zinarudi mpaka mtu anazikariri, na mara nyingi utando unashika mawingu kwa sababu hakuna jengo lililo juu kiasi hicho. Grantray-Lawrence ilipofilisika, Ralph Bakshi akachukua usimamizi wa misimu miwili iliyofuata. Akaleta anga za zambarau na kijani ambazo bado zinatisha kwa uzuri wake, lakini kipindi cha "Revolt in the Fifth Dimension" kimebebwa karibu chote kutoka mfululizo mwingine, Rocket Robin Hood, Spider-Man akipachikwa mahali pa Robin. Hapo hata mtetezi lazima akubali kwamba ukata ulikuwa umeshinda. Vipindi 52 vikaisha mwaka 1970.

Mifululizo miwili ya 1981 haihitaji maneno mengi. Ule ulioonyeshwa na NBC, wa Spider-Man na rafiki zake wawili, unakumbukwa kwa haki kwa sababu ya Firestar, mhusika aliyebuniwa kwa ajili ya televisheni kabla ya kuingia vitabuni.

Sasa tufike 1994, ambako wengi hawataki kuguswa. Mfululizo wa Fox, vipindi 65 hadi Januari 1998, John Semper akisimamia hadithi, sauti ya Christopher Daniel Barnes, picha kutoka studio ya TMS ya Japani. Hapa nyuzi zipo zote, kifuani, mabegani, na kivuli cha misuli juu yake. Ukisimamisha picha ni nzuri kweli. Ukiiachia iende, utaona gharama ililipwa wapi. Wahusika wanasimama wakizungumza, kamera ikipita juu ya mchoro uliotulia. Jiji limetengenezwa kwa kompyuta na mwili kwa mkono, na vitu hivyo viwili havikutani: Spider-Man anaelea mbele ya majengo badala ya kupita kati yake. Kadiri misimu inavyosonga, picha za zamani zinarudishwa, zikikatwa na kubandikwa upya. Ujanja uleule unaochekwa kwa 1967 unasamehewa kwa 1994, kwa sababu tu waliouona wakiwa watoto ndio wanaoandika leo.

Halafu kuna ngumi. Masharti ya kipindi cha watoto yalikuwa makali: bunduki za kawaida zikawa za miale, neno la kuua likakwepwa na kuwekwa kuangamiza, na Morbius, ambaye ni mnyonya damu, akanyonya "plazma" kwa vikombe vilivyo kwenye viganja. Ngumi ya Spider-Man usoni mwa adui ikawa adimu mno. Watu huyataja haya kama vichekesho vya uzalishaji, lakini madhara yake ni ya kiufundi na ni makubwa. Pigo kwenye katuni lina hatua tatu: mwili unajivuta nyuma, unagusa, na aliyepigwa anarudi nyuma kulingana na uzito wake. Ukiondoa hatua ya kugusa, hizo mbili nyingine hazina kazi. Zinabaki kusukumana, kurushana, kukwepa na kufungana utando, na miili inapoteza uzito. Rhino, adui wa tani nzima, anaonekana mwepesi sawa na Aunt May, shangazi mzee wa Spider-Man.

Hapa lazima nikubali jambo, ingawa linaniuma. Kwa hadithi, 1994 iliwafundisha wote waliokuja baadaye. Msimu wa pili uliendeshwa kama hadithi moja ndefu, kitu ambacho katuni nyingi za Jumamosi asubuhi hazikuthubutu. Mwisho wa mfululizo ulikusanya Spider-Man kutoka dunia sambamba kadhaa, miaka 20 kabla ya sinema kugundua utajiri huo. Na mwandishi aliyeamua kwamba Mary Jane aliyeolewa na Spider-Man ni nakala ya maji inayoyeyuka mikononi mwa mumewe alikuwa na moyo mkubwa kuliko masharti yaliyomfunga. Lakini hadithi nzuri haifanyi mwendo mbaya kuwa mzuri.

Wa 2003, ulioonyeshwa na MTV, uliondoa tatizo la nyuzi kwa mkupuo mmoja. Studio ya Mainframe ilijenga mwili wa Spider-Man ndani ya kompyuta, ikaubandika nyuzi mara moja, na toka hapo kila pembe ikawa ya bure. Gharama haikutoweka, ilihama. Kila chumba kipya, kila gari, kila mpita njia lazima ajengwe, kwa hiyo New York ile ni jiji lenye watu wachache na wanaofanana. Vipindi 13 na kwisha, Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, akilitupa vazi lake mtoni.

Ndipo ukaja wa 2008, The Spectacular Spider-Man, na hapa sitapunguza sauti: hakuna uliofikia huu. Sean Galloway, aliyebuni sura za wahusika, alirudia hesabu ileile ya 1967 lakini akaipeleka mbali zaidi. Mikono ni mirija, viganja ni vikubwa, kiuno chembamba, macho ya kinyago ni makubwa mno, na nyuzi zimepunguzwa mpaka zinabaki zile tu zinazoonyesha mviringo wa mwili. Mashabiki wa 1994 walikasirika walipoona picha za kwanza, wakasema ni za kitoto. Hawakungoja zitembee. Kila mstari uliopunguzwa kwenye vazi ulirudi kama mchoro wa ziada kwenye mwendo. Anaporuka, mwili unajikunja, unanyooka, unazunguka kwenye mhimili wake, na utando unashika ukuta unaouona. Akipigwa, anapigwa. Macho ya kinyago yanapanuka kwa mshtuko na kubana kwa hasira, hivyo uso usio na mdomo ukapata hisia zote kwa mistari miwili tu.

Greg Weisman na Victor Cook walipanga hadithi kwa nidhamu hiyohiyo. Peter ana miaka 16, na kila kundi la vipindi limepewa majina kutoka somo la shule, kuanzia biolojia. Eddie Brock anaingia akiwa kaka wa hiari wa Peter, si adui. Tunamwona akidharauliwa, akiachwa, akikosa kazi, kwa vipindi zaidi ya kumi, kabla ya lile vazi jeusi lenye uhai kumpata na kumfanya Venom, adui mkubwa wa Spider-Man. Chuki yake inapolipuka unaielewa, unaweza hata kumtetea.

Mfululizo huu haukukosa watazamaji wala mawazo. Weisman alikuwa na mpango wa vipindi 65. Ulikufa kwa sababu ya karatasi. Sony ndiyo iliyokuwa na haki za katuni za televisheni za Spider-Man, na mwaka 2009, mwaka uleule Disney ilipotangaza kuinunua Marvel, haki hizo zikarudi Marvel. Aliyebaki na michoro hakuwa na ruhusa ya shujaa, na aliyekuwa na shujaa alitaka kuanza upya. Vipindi 26, msimu wa pili ukiishia Harry, rafiki wa Peter, na baba yake Norman Osborn wakiwa na mambo yasiyofungwa, basi. Wanaotaka kulalamikia uharibifu wa katuni za utotoni walalamikie hilo, wawaache wachoraji.

Ultimate Spider-Man wa 2012 ulifika vipindi 104, na Peter akikatiza hadithi kila dakika kuongea na mtazamaji. Mzaha unafukuza hofu yoyote kabla haijakaa. Wa 2017 sikuona sababu ya kuutetea, michoro yake ni migumu na shule yake ya vipaji inawafanya wahusika wote wawe wanasayansi.

Wa Januari 2025 kwenye Disney+ ni kazi ya watu wanaopenda vitabu vya mwanzo. Ni miili ya kompyuta iliyovishwa wino na rangi bapa ifanane na kurasa za Steve Ditko, mchoraji wa vitabu hivyo. Inapendeza ikiwa imetulia. Kwenye mwendo wa haraka bado miguu inateleza sakafuni, kwa sababu kompyuta hulainisha kila fremu hata pale fundi wa mkono angeacha pozi likae kidogo ili jicho lilishike. Filamu ya 2018, Into the Spider-Verse, ilikuwa imeshaonyesha dawa: Miles, Spider-Man mpya, akisogezwa kwa picha 12 kwa sekunde anapojifunza, Peter kwa 24 kwa sababu amezoea.

Tatizo kubwa la 2025 ni idadi. Msimu wa kwanza una vipindi 10 tu. Lonnie Lincoln, mwanafunzi mwema anayevutwa na genge, ndiye mhusika bora kati yao, na wanaomjua kutoka vitabuni wanajua anaelekea kuwa jambazi Tombstone. Eddie wa 2008 alipewa msimu mzima wa vipindi 13 kuharibika taratibu mbele ya rafiki yake. Lonnie anagawana 10 na Norman Osborn, Nico rafiki wa Peter, Harry, na kiu ya Peter ya kuwa na mlezi, na pale anapostahili dakika sita za ukimya baada ya kumpiga mtu kwa mara ya kwanza, hadithi tayari imeshahamia kwenye maabara ya Osborn.