Muuzaji mdogo wa mtandaoni: Buy Goods au kampuni ya malipo?

Anayeuza mikoba Nairobi kupitia Instagram huanza na swali moja: wananikata ngapi? Swali halali. Namba ya Buy Goods ya Safaricom, yaani namba ya duka ambayo wateja hulipia kwa M-Pesa, hukata asilimia 0.55, na malipo ya hadi shilingi 200 hayakatwi. Kampuni kama Pesapal au Flutterwave, zinazopokea M-Pesa na kadi pamoja, huchukua zaidi. Tuseme asilimia 3. Mkoba wa shilingi 2,500 utakatwa 13.75 kwa Buy Goods na 75 kwa kampuni ya malipo. Kwa oda 100 kwa mwezi, tofauti inapita shilingi 6,000, na hizo ni pesa za boda wa kupeleka mizigo.

Ila Buy Goods ina gharama isiyoandikwa kwenye orodha ya makato. Lazima mtu asome ujumbe wa malipo, alinganishe jina na oda, ndipo mzigo ufungwe. Oda tano kwa siku hazisumbui. Zikifika thelathini, Jumamosi jioni, uko ndani ya matatu, na mteja anakutumia picha ya ujumbe wa malipo aliyoitengeneza mwenyewe. Mkoba mmoja ukitoka hivyo, umemeza ulichookoa kwenye oda 40.

Kampuni ya malipo hukuondolea kazi hiyo: mteja anaombwa PIN kwenye simu yake, akilipa oda inajiandika imelipwa. (Safaricom nayo inaruhusu hili kupitia Daraja, mfumo wake wa kuunganisha programu na M-Pesa, lakini utahitaji fundi wa programu, na fundi hafanyi bure.)

Kisha kuna kadi. Binti aliye London anayetaka kumnunulia mamake zawadi Kisumu atakulipa kwa kadi au asikulipe kabisa. Lakini mwenye kadi anaweza kupinga malipo wiki kadhaa baadaye, pesa zikarudishwa kwake ilhali mkoba ulishafika. Bila uthibitisho kama sahihi ya aliyepokea, kujitetea ni vigumu. Tena pesa za kadi hazifiki papo hapo, na anayenunua bidhaa kwenye maduka ya jumla ya Eastleigh, Nairobi, kwa pesa taslimu hana subira hiyo.

Kwa maoni yangu, mauzo ya nyumbani yabaki Buy Goods hadi kazi ya kuhakiki ikulemee, na kampuni ya malipo ichukue wateja wa ng'ambo tu. Kabla ya kusaini, tafuta kwenye mkataba kifungu kinachosema ni lini wanaweza kuzuia pesa zako, na kwa muda gani. Watu wengi husoma ukurasa wa makato tu.