Dogo akifeli hesabu, tumnyang'anye maiki?

Kuna wazo linazungumzwa sana kwa sisi tunaokaa na vijana hapa Tanga: madogo wa sekondari wawe wanagenzi kwa marapa na maprodyuza, wajifunze kuandika mistari, kurekodi na kusimama jukwaani, na humo humo wawe na mtu wa kuwasimamia masomo. Mi naliunga mkono, ila kuna sheria moja wenzangu wanaitaka na mi siitaki, kwamba dogo akishuka darasani asishike maiki.

Wazazi wa Ngamiani na Makorora wana hoja na siwezi kuibeza. Wameona watoto wa jirani wameacha shule form two wakafuata studio, leo hawana wimbo wala cheti. Ukiwatajia rapa MwanaFA wa hapa hapa Muheza, aliyetoka kwenye kuchana akaingia bungeni 2020 na 2023 akawa naibu waziri wa sanaa, wanakuuliza haya, wengine wako wapi? Na ni kweli, waliofika tunawajua kwa majina, walioishia njiani hakuna anayewahesabu.

Lakini kaa na dogo anayeandika vesi ya mistari 16 uone. Kila mstari midundo minne, jumla 64, bit ikienda midundo 96 kwa dakika vesi inaisha kwa sekunde 40, na huyu ndo yule anayesema hesabu hazipandi, anaikokotoa huku anagonga meza maana hataki mstari wa mwisho umwagike nje ya bit, anafuta anaandika anafuta tena, wakati insha ya shule anaiandika mara moja tu anakusanya.

Ila tusijidanganye kwamba hiyo itaingia yenyewe kwenye mtihani. Anachana kwa Kiswahili, form four hesabu anaulizwa kwa Kiingereza, kwa hiyo lazima awepo mwalimu wa kukaa naye waichukue ile 64 na 96 waigeuze swali la mtihani. Hofu yangu kubwa iko hapo: msanii anatengewa posho, mwalimu anaombwa aje kwa moyo tu, baada ya muda mwalimu haji na nusu nzima ya mpango imekufa wakati muziki bado unapigwa.

Sasa ukimnyang'anya maiki kwa sababu ya F, unamfukuza yule yule aliyeletwa na maiki, na vitabu anaviacha siku hiyo hiyo. Wanaosema bila makali watoto watacheza wako sawa, makali yawepo, ila yakae kwenye mahudhurio maana hayo yako mikononi mwake. Kakacha kipindi cha masomo, siku hiyo studio haingii, hata kama ana sauti gani. Kaja, kakaa, kajaribu, kapata F, aingie studio kama kawaida, na mzazi aambiwe hiyo F wiki hiyo hiyo na mwalimu aseme atafanya nini nayo.

Halafu kuna la wimbo wenyewe, watu wanalipita haraka mno. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na inamlinda mtunzi, lakini dogo wa miaka 15 akipewa karatasi na prodyuza atasaini chochote ili asikike redioni. Kabla hajarekodi hata vesi moja iandikwe nani mwenye wimbo na hela ikija inagawanywaje, mzazi au mlezi awepo, na nakala abaki nayo nyumbani.